Ugomvi wa Uwanja wa Gofu

Mei 1910, katika mji wa Salem jimboni Massachusetts, alifariki tajiri mmoja aliyeitwa Isaac Wyman. Alihitimu Princeton mwaka 1848, na katika wosia wake alikiachia chuo hicho sehemu kubwa ya mali yake kwa ajili ya wanafunzi wa shahada za juu. Watu wakaanza kukisia ni mamilioni mangapi. Mmoja wa wasimamizi wa wosia alikuwa Andrew Fleming West, mkuu wa shule ya shahada za juu chuoni hapo. Habari hizo zilimchoma zaidi mkubwa wake wa kazi, rais wa chuo, Woodrow Wilson. Inasimuliwa kwamba Wilson alicheka kwa uchungu, akamwambia mkewe kuwa wao wamekwisha kuwashinda walio hai, ila kupigana na maiti hawataweza.

Kilichokuwa kikigombewa ni jambo ambalo gazeti la leo lingelipa aya mbili kwenye kurasa za ndani: wanafunzi wa uzamili na uzamivu walale wapi. Wilson alitaka walale katikati ya chuo, wapishane na vijana wa shahada ya kwanza asubuhi na jioni. West alitaka wapate utulivu. Akachagua mahali ng'ambo ya uwanja wa gofu, mwendo wa kama kilomita moja kutoka kwenye kelele, pajengwe jumba la mawe lenye mnara, ukumbi wake wa chakula na bustani zake.

Ukiondoa majivuno ya wakubwa wawili, na yalikuwa mengi, ndani ya ugomvi huo kuna swali la kweli. Kijana wa miaka kumi na minane akishafika chuo kikuu, nani humwonyesha namna ya kuwa msomi? Profesa yuko mbali mno. Amekwisha kufika, na njia aliyopita imefukiwa na miaka. Mwenzake wa darasa yuko karibu mno, naye anababaika vilevile. Katikati yao yupo mtu wa miaka ishirini na tano au sita, ambaye juzi tu alikuwa mwaka wa kwanza, na ambaye usiku huu anaandika sura ya tasnifu, anaifuta, anaiandika tena. Wilson aliamini kwamba kumwona mtu huyo akihangaika ni somo lisilo na mhadhara wake. Kwa sharti moja: awe anaishi pale pale.

Hakuanzia hapo. Mwaka 1905 alikuwa ameajiri kwa mkupuo vijana wasomi wapatao hamsini, kazi yao ikiwa kukaa na wanafunzi wachache wachache, wasome kitabu kilekile na kukijadili kama watu wanaofahamiana. Alikuwa amezunguka Uingereza kwa baiskeli na kuvutiwa na Oxford na Cambridge, ambako mwalimu na mwanafunzi hulala ndani ya ua mmoja na kula ukumbi mmoja. Mwaka 1907 akaenda mbali zaidi. Alipendekeza Princeton yote igawanywe katika nyua za mabweni, kila ua na meza zake za chakula, wanafunzi wa miaka yote wachanganyike na walimu vijana waishi humo.

Hapo akagusa pabaya. Princeton ilikuwa na klabu za kulia chakula, majumba ya kifahari yaliyopangana kando ya Prospect Avenue, ambamo wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne walichaguana wenyewe kwa wenyewe. Aliyeachwa aliachwa. Mpango wa Wilson ungezimeza klabu hizo zote, na wahitimu wenye fedha zao, ambao waliwahi kuchaguliwa, wakaja juu. Wadhamini walioukubali mpango mwezi Juni waliukana Oktoba ya mwaka uleule. Klabu zipo mpaka leo, kumi na moja.

Kwa hiyo Wilson aliingia katika vita vya pili akiwa na kidonda. Mwaka 1909 William Cooper Procter, tajiri wa sabuni kutoka Cincinnati, aliahidi nusu milioni ya dola kwa masharti yaliyompendeza West. Wilson hakukubali mwenye fedha aamue ramani ya chuo. Mvutano ukaendelea mwaka mzima, halafu ndipo akafa Wyman. Wilson akasalimu amri. Kabla mwaka 1910 haujaisha alikuwa ameshaacha kazi na kuchaguliwa gavana wa New Jersey; miaka miwili baadaye Wamarekani wakamchagua kuwa rais wao. Jumba la West lilifunguliwa Oktoba 1913, mpinzani wake akiwa Ikulu ya Washington. Mali ya Wyman ilipohesabiwa vizuri, ikaonekana ni ndogo sana kuliko uvumi.

Ningependa kuandika kwamba historia ilimsuta West. Haikumsuta sawasawa. Jumba lake lilikuja kulaza watu ambao dunia inawajua: Alan Turing alikaa humo kati ya 1936 na 1938, John Nash mwishoni mwa miaka ya 1940. Richard Feynman alifika mwaka 1939, akakuta watu wanavaa majoho kwenda kula. Alipoalikwa chai kwa mkuu wa shule, mke wa mkuu akamuuliza anywe na maziwa au na limau, kijana akajibu vyote viwili. Mshangao wa mama yule ukaja kuwa jina la kitabu cha Feynman cha mwaka 1985. Watu wazima wenye akili wakiwekwa pamoja ng'ambo ya uwanja wa gofu huzaa mambo yao. Tatizo ni kwamba kijana wa mwaka wa pili aliyelala ng'ambo ya huku angeweza kumaliza miaka yake minne bila kujua kwamba Turing alikuwa jirani yake.

Fedha za mtu wa Yale

Wazo lililoshindwa Princeton lilipata nyumba Harvard. Abbott Lawrence Lowell alikuwa rais wa chuo hicho tangu 1909, naye alikerwa na jambo lilelile: watoto wa matajiri wakipanga vyumba vya anasa mjini, maskini wakijibanza walikoweza, na hawa wasikutane na wale. Mwaka 1928 alitokea Edward Harkness, mrithi wa fedha za mafuta za Standard Oil. Harkness alikuwa mhitimu wa Yale na alitaka kuisaidia Yale kwanza. Yale ikajivuta. Akaenda Harvard, na Lowell, ambaye hakuwa mtu wa kujivuta, akaondoka na zaidi ya dola milioni 10. Nyumba mbili za kwanza, Dunster na Lowell, zilifunguliwa 1930, nyingine zikafuata mwaka mmoja baadaye. Yale ikapata zake 1933.

Wamarekani wa Harvard huziita hivyo hivyo, nyumba. Leo ziko kumi na mbili. Kila moja ina mkuu wake anayeishi humo na familia yake, ukumbi wa chakula, maktaba, na kundi la wakufunzi wakazi, wengi wao wanafunzi wa uzamivu, wa sheria au wa udaktari. Katika miaka ya 1930, mmoja wa wakufunzi wa nyumba ya Winthrop alikuwa Mkanada mrefu kupindukia aliyeitwa John Kenneth Galbraith, mchumi ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza uzamivu wake. Miongoni mwa vijana wa nyumba hiyo walikuwamo ndugu wawili wa ukoo wa Kennedy. Mdogo kati ya hao wawili alipokuwa rais mwaka 1961, alimpeleka Galbraith India kuwa balozi. Sidai kwamba ukumbi wa chakula wa Winthrop ndio uliompa ubalozi. Ila watu hao walifahamiana wakiwa na sinia mkononi, kabla yeyote kati yao hajawa mtu wa kutafutwa.

Hata hivyo, msomaji wa Kiafrika asiupokee utamu wa hadithi hii bila kuonja chumvi yake. Lowell huyohuyo, mhubiri wa kuishi pamoja, ndiye aliyewafungia wanafunzi weusi milango ya mabweni ya mwaka wa kwanza. Mwaka 1922 Roscoe Conkling Bruce, mhitimu wa Harvard na mtoto wa seneta, alimwombea mwanawe nafasi. Lowell alimjibu kwa barua kwamba chuo hakiwezi kuwalazimisha wazungu kuishi na weusi. Ilibidi baraza la juu la chuo liubatilishe msimamo huo mwaka 1923 baada ya zogo kubwa magazetini. Princeton ya Wilson nayo haikuwapokea weusi katika shahada ya kwanza, na wanawake hawakuanza kuisoma pale hadi 1969. Undugu wa meza moja ulikuwa na orodha ya walioalikwa.

Anafanya nini hasa?

Ukimuuliza mkufunzi mkazi kazi yake ni ipi, atakuorodheshea majukumu. Usimsikilize sana. Kazi yenyewe ni kuwapo.

Mpango wenyewe ni huu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Harvard hawakai kwenye nyumba zile. Hukaa mabweni ya ndani na kando ya uwanja wa kale wa chuo, na kila lango la ngazi, lenye vijana kati ya ishirini na arobaini hivi, lina mlezi anayelala humo, anayeitwa prokta. Wengi ni wanafunzi wa shahada za juu, baadhi ni waajiriwa wa chuo. Mara moja kwa juma prokta hufungua sebule yake usiku, akaweka biskuti, piza au matunda, na vijana wakaja na kompyuta zao wakijifanya wamekuja kusoma. Nani amekuja na nani hajaonekana juma la pili sasa: prokta mzuri anahesabu bila kuonekana anahesabu.

Mwaka wa pili kijana huhamia kwenye nyumba, na hapo malezi hubadilika sura. Mkufunzi wa uzamivu wa biolojia ndiye atakayemsaidia anayetaka kusomea udaktari. Ndani ya nyumba kuna kamati inayoandika barua ndefu ya kumtambulisha kila mwombaji kwa vyuo vya tiba, na anayeiandika mara nyingi ni mkufunzi aliyemjua kijana huyo mezani, aliyemwona akifeli kemia na kuirudia. Mwingine hushughulika na wanaoomba ufadhili wa Rhodes au Fulbright: anasoma insha zao hadi rasimu ya sita, anakaa nao chumbani akijifanya jopo la usaili na kuwauliza maswali ya kuudhi. Yupo wa sheria, yupo wa muziki. Kuna ambao wana wake au waume na watoto wadogo, na mtoto wa miaka miwili akikimbia katikati ya meza za ukumbi wa chakula hufanya kazi ambayo hakuna ofisi ya ushauri nasaha iliyowahi kuifanya. Vijana waliokaa miezi mitatu bila kuona mtoto wala mzee wanakumbuka kwamba maisha si mitihani peke yake.

Hakuna ujira mkubwa. Mkufunzi hupewa chumba na chakula wakati wa masomo. Lakini kwa mtu anayesoma uzamivu kwa miaka mitano hadi saba, akiishi kwa posho, katika mji ambao kodi zake za nyumba ni miongoni mwa za juu kabisa Marekani, chumba na sahani ya chakula si kitu kidogo. Nadhani mpango huu umedumu kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya falsafa ya Lowell. Upendo wa ualimu peke yake usingejaza nafasi hizo kila mwaka. Oxford hufanya vivyo hivyo: katika vyuo vingi vya ndani ya Oxford kuna mwanafunzi wa shahada za juu anayekaa bure chuoni kwa masharti ya kuamka usiku anapoitwa.

Na ataitwa. Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Mvulana ameachwa na mpenzi wake. Msichana amepigiwa simu kutoka nyumbani kwamba baba amelazwa na ndege ni ghali. Wawili wanaochangia chumba hawasemezani tangu Jumapili kwa ajili ya dirisha, mmoja analitaka wazi na mwingine analitaka limefungwa. Yule mtoto wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu hajui kwamba unaruhusiwa kumfuata profesa ofisini na kumuuliza swali. Anadhani saa za ofisi ni saa ambazo profesa hataki kusumbuliwa. Jambo hilo la mwisho ni dogo, na hapo ndipo walezi hawa hulipa gharama zao zote. Mtoto wa daktari analijua kutoka nyumbani. Mtoto wa dereva wa lori anahitaji mtu wa kumnong'oneza, na hatamuuliza mtu aliye nyuma ya dirisha la kioo mwenye fomu.

Mlezi au polisi

Ugumu wa kazi hii, nionavyo, hauko kwenye usingizi unaokatizwa. Uko kwenye kuvaa kofia mbili.

Marekani kijana haruhusiwi kununua pombe hadi atimize miaka 21. Sheria ya mwaka 1984 ndiyo iliyoyasukuma majimbo yote kukubaliana na umri huo. Wengi wa wakazi wa bweni basi wako chini ya umri, na mlezi anayepita mlangoni saa saba usiku na kusikia chupa zikigongana anatakiwa kufanya jambo. Akigonga na kuandika majina, juma lijalo hakuna atakayekuja kwake kulia. Akipita kimya, na mmoja wao akazimia, atajibu nini? Vyuo vingi vimejaribu kulegeza fundo hili kwa kutangaza kwamba anayempigia simu daktari kwa ajili ya mwenzake aliyezidiwa na pombe hataadhibiwa, wala mgonjwa mwenyewe. Inasaidia. Haimalizi.

Chuo cha MIT kilijifunza kwa msiba. Mwaka 1997 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alifariki kwa ulevi katika nyumba ya udugu ya wanafunzi nje ya mabweni ya chuo. Kuanzia 2002 MIT ikaamua kila wa mwaka wa kwanza alale ndani ya chuo, katika mabweni ambamo wanafunzi wa shahada za juu hukaa bure wakiwa walezi. Wakosoaji walilalamika kwamba watu wazima wanalelewa kama watoto. Huenda. Lakini ni lalamiko ambalo wazazi hawakulitia saini.

Halafu kuna sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Chini ya kanuni zilizotokana nayo, mkufunzi mkazi wa Harvard akiambiwa na mwanafunzi kwamba amebakwa au ananyanyaswa kingono, hana ruhusa ya kuliweka moyoni. Lazima alifikishe ofisi inayohusika. Sababu yake inaeleweka: siri za aina hiyo zimewalinda wakosaji kwa vizazi. Hata hivyo fikiria maana yake sebuleni. Msichana anaanza kusema, na mlezi, kama ana utu, inabidi amkatize hapo hapo: kabla hujaendelea, nikuambie nitakalolazimika kufanya. Wapo wanaonyamaza baada ya hapo. Mlezi mwenye busara huwa amekwisha kujua majina ya washauri wasiofungwa na sharti hilo, akamsindikiza msichana hadi mlangoni kwao. Bado, jalala limewekewa kifuniko, na si kila mtu atakayekifunua.

Princeton nayo, baada ya karibu miaka mia moja, ilirudi ilikotoka. Mwaka 2007 ilifungua bweni la Whitman, la mawe kama ya enzi za West, na pamoja nalo utaratibu mpya wa makazi ya miaka yote minne, ambamo wanafunzi kadhaa wa uzamivu huishi na kula na wa shahada ya kwanza. Kwa maneno mengine, mpango wa Wilson wa 1907, bila kelele na bila kuzigusa klabu. Mwaka 2020 chuo kikaliondoa jina la Wilson kwenye mojawapo ya mabweni yake kwa sababu ya siasa zake za ubaguzi wa rangi. Wazo limebaki, jina limeondoka. Mimi sioni mgongano hapo.

Meza iliyoondoka Mlimani

Sisi wa Afrika Mashariki hatukuwa mbali na mambo haya. Tume ya Asquith, iliyoundwa na Waingereza mwaka 1943 na kutoa ripoti yake 1945, ilishauri kwamba vyuo vikuu vya makoloni viwe vya bweni. Makerere ilijengwa kwa mtindo huo: kila bweni na jina lake, majivuno yake, ukumbi wake wa chakula na wadeni wake, yaani wasimamizi wa bweni. Chuo cha Dar es Salaam, kilichoanza Oktoba 1961 na wanafunzi wachache wa sheria mtaa wa Lumumba kabla ya kuhamia Mlimani 1964, kilirithi umbo lilelile. Waingereza walituachia ganda la Oxford. Sehemu ya ndani, yaani mkubwa na mdogo kula pamoja kila jioni, ilitegemea idadi ndogo ya watu na fedha nyingi za serikali, na vyote viwili havikudumu. Sera ya kuchangia gharama ilipoingia miaka ya 1990, chakula kikawa suala la mfuko wa mtu. Idadi ya wanafunzi ikapanda kuliko vitanda. Ndipo lilipozaliwa neno kubebana, wawili kitanda kimoja, mmoja halali na mwingine mgeni wa kudumu.

Meza ilipoondoka, kazi yake ilihamia kwenye vimbweta. Anayetaka kujua malezi ya wanafunzi wa Tanzania yanafanyika wapi asiende ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Aende jioni kwenye meza za zege chini ya miti, akamkute wa mwaka wa tatu akimweleza wa mwaka wa kwanza ni mhadhiri yupi hurudia maswali, namna ya kuepuka sapu, yaani mtihani wa marudio, na nini cha kufanya kabla bumu, fedha ya mkopo, halijaisha. Ni elimu ya kweli na haimgharimu mtu shilingi. Ina kikomo chake, kwa sababu wa mwaka wa tatu anajua kufaulu mtihani. Hajui bado utafiti ni mnyama gani. Ameliona desa, zile nukuu za kurithiana, hajaona tasnifu ikiandikwa.

Kuna ajabu yake hapa. Mtoto wa Pwani akianza chuoni kwa mwalimu wa Kurani hukuta mwanafunzi aliyetangulia akimsikiliza kabla hajafika mbele ya mwalimu mwenyewe. Akienda sekondari ya bweni anamkuta kiranja na kaka mkuu. Ngazi ipo kila mahali. Anapofika chuo kikuu, mahali ambapo angeihitaji kuliko kote, ngazi inakatika, na anaambiwa sasa wewe ni mtu mzima.

Mtu atasema wanafunzi wetu wa uzamili hawafanani na wa Marekani, na ni kweli. Wengi wana kazi, wana familia, wanakuja madarasa ya jioni na kurudi Tegeta au Mbagala. Huwezi kumwambia mwalimu mkuu msaidizi wa miaka thelathini na minane akalale bwenini. Lakini lipo kundi moja ambalo halina udhuru huo: ma-TA, wale wahitimu bora waliobakizwa na idara, wanaofundisha semina huku wakisoma uzamili wao. Ni vijana, wengi hawajaoa wala kuolewa, wamepanga vyumba Changanyikeni na Msewe, na kila asubuhi wanarudi kusahihisha kazi za watu walio wadogo kwao kwa miaka mitano tu. Idara inawalea wao ili waje kuwa wahadhiri. Hakuna anayewauliza wanalea nani.

Sasa hesabu. Mabweni yaliyofunguliwa na Rais Magufuli pale Mlimani Aprili 2017 ni majengo 20 yenye nafasi 3,840, yaani wanafunzi 192 kwa kila jengo. Tenga vitanda vinne katika kila jengo kwa ajili ya ma-TA. Unapata mlezi mmoja kwa wanafunzi wasiofika hamsini. Ni wengi kuliko anaowalea prokta wa Harvard, lakini ni hesabu ya binadamu. Gharama yake ni vitanda 80. Wanafunzi themanini wangetoka nje, wakapange mtaani, wakadaiwe kodi ya miezi sita mbele kabla hawajanunua hata godoro. Kiongozi wa serikali ya wanafunzi atakayeletewa pendekezo hilo atauliza kwa nini anyang'anywe maskini kitanda apewe mtu mwenye mshahara, na kwa hasira hiyo atakuwa na haki.

Kwa hiyo mimi nisingeanza na themanini. Ningeanza na jengo moja la mwaka wa kwanza na vitanda vinne, kwa mwaka mmoja wa masomo: TA wawili wa kike na wawili wa kiume kama jengo linaruhusu, wasiotoka idara moja, wakatwe kodi ndogo au wasikatwe kabisa. Chuo kilipe mlo mmoja wa jioni kwa juma, wali na maharage vinatosha, uliwe hapo hapo chini ya jengo. Mambo ya nidhamu yabaki kwa wadeni, na ma-TA wasipewe daftari la kuandika majina. Na wale wanafunzi wanne waliopisha walipiwe kodi yao ya mtaani na chuo, kwa sababu majaribio ya namna hii huwa tunapenda kuyalipia kwa mfuko wa mtu mwingine.